Bunduki ya Upepo na Haki ya Windo



Ndugu yetu mmoja aishiye England ametuandikia. Amepata idhini ya mwenye shamba kuwinda sungura na njiwa, na fundi yu tayari kumtengenezea bunduki ya upepo. Auliza: achague kipenyo gani na risasi ya umbo gani, na je, nyama hiyo aweza kuwalisha wanawe?

Tuanze na nguvu. Huko aliko, bunduki ya upepo isiyo na cheti cha silaha haitakiwi kuzidi futi-pauni 12, yaani takriban jouli 16. Kwa nguvu hiyo, risasi ya milimita 4.5 yenye uzito wa nusu gramu na ushei hutoka kwa kasi ipatayo mita 245 kwa sekunde. Ya milimita 5.5 yenye gramu moja, mita 180. Ya kwanza huenda imenyooka zaidi, hivyo kosa dogo la kukadiria umbali halimponzi mlengaji. Ya pili hushuka mapema, lakini hutoboa tundu pana zaidi. Kwa sungura twaipendelea hii ya pili, kwa sharti kwamba ajizoeze umbali wake na asiuvuke.

Ama umbo, kichwa bapa hufaa shabaha ya karatasi, na kichwa chenye shimo mara nyingi hakifunguki kwa nguvu ndogo. Achukue kichwa cha mviringo chenye kiuno chembamba nyuma yake. Risasi nzima isiyo na kiuno huhitaji mtutu wenye mifereji iliyopindwa kwa kadiri yake. Basi risasi ichaguliwe kwanza, kisha mtutu.

Sasa tufike jikoni. Mtume (s.a.w.) alimfundisha Adiy bin Hatim (r.a.) kuwa windo lililotobolewa na ncha huliwa, na lililouawa kwa pigo la ubapa haliliwi. Kwa hiyo wanazuoni wamekhitalifiana kuhusu risasi: je, yatoboa au yaponda? Njia ya salama ni kupiga bismillahi anapofyatua, kisha aende upesi na kisu kikali. Akilidiriki windo likiwa na uhai, alichinje. Akilikuta limekufa, amuulize mwanachuoni wa madhehebu yake kabla ya kuliweka chunguni.

Lakini asije akalenga vibaya kwa makusudi ili alikute hai! Huko ni kumtesa kiumbe, na tumeamrishwa ihsani hata katika kuua. Kama hana hakika ya shabaha yake, asifyatue. Sungura akimkosa leo, riziki haijakatika.

Mwisho, nyama iliyozunguka jeraha aikate na kuitupa kwa sababu ya madini ya risasi, anawe mikono, na bunduki aifungie mbali na watoto.

Wallahu a'lam.