Sebule Isinunuliwe kwa Seti

Sebule za mjini siku hizi zimevaa sare. Kochi la kijivu, zulia la manyoya la kijivu, meza ya kioo, na ukutani picha tatu za maua zilizochapwa kiwandani na kuuzwa pamoja. Mgeni akiondolewa kitambaa machoni katika mojawapo ya sebule kumi za namna hiyo, hatajua yuko kwa nani. Mwenye nyumba hana kosa kupenda pazuri. Aliyempotosha ni muuza duka, aliyemwaminisha kwamba mapambo hununuliwa kwa mkupuo mmoja na kwamba kila kitu lazima kilingane rangi.

Watu wa pwani walipamba nyumba kwa akili nyingine kabisa. Katika nyumba za mawe za Lamu, Pate na Siyu za karne ya 18, chumba cha faragha, ambacho jina lake ni ndani tu, kilijengewa ukuta wa zidaka: safu juu ya safu za vishubaka vyenye matao, vimezungushiwa nakshi iliyochongwa kwenye lipu ya chokaa. Vyumba vyenyewe vilikuwa vyembamba, upana wa mita tatu hivi au pungufu, kwa kuwa dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ina mwisho wake. Kwa hiyo macho hayakupewa nafasi ya kutangatanga upande. Yalivutwa moja kwa moja hadi kwenye zidaka.

Humo ziliwekwa sahani na mabakuli ya kaure kutoka China, vitabu, na vitu vingine vya thamani vya ukoo. Karne ya 19 vikaongezeka vyombo vya Uholanzi, vya viwanda vya Maastricht, vyenye maua ya rangi kali. Hakuna aliyevitupa vya zamani ili vya kigeni vipya vilingane. Kila chombo kilipata kishubaka chake, na kwa kuwa vishubaka vilikwisha kupangwa kwa ulinganifu, vyombo visivyofanana vilitulia pamoja bila kugombana. Wataalamu waliozichunguza nyumba hizo wameandika kwamba kaure iliaminiwa pia kukinga husuda, na si ajabu: katika sehemu hiyo ya nyumba ndimo bi harusi alimotunzwa, mtoto alimozaliwa na maiti alimooshwa. Anayetaka kujionea aende Lamu, kwenye nyumba ya Kiswahili inayotunzwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Kwa hiyo wanaolaumu sebule za leo kwa sababu zimejaa bidhaa za China wanakosea shabaha. Bakuli la China lilikuwa fahari ya Mswahili kabla ya Kariakoo kuwa soko. Tatizo ni kwamba seti haiachi mlango wa kitu kingine kuingia. Siku mama anapoleta kawa la ukindu kutoka Pemba, halina pa kukaa. Linaishia juu ya kabati la jikoni, kwa sababu si la kijivu.

Na kitu cha mkono kikitazamwa kwa karibu, hakihitaji kutetewa. Mkeka wa rangi husukwa kwanza kuwa ukili, utepe mrefu mwembamba, kisha tepe hizo hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka upana utimie. Ndiyo maana michoro yake huhama kidogo kwenye kila mshono. Ukitandikwa juu ya zulia la rangi moja, mishono hiyo ndiyo inayolipa uhai. Ila uwekwe mbali na jua la dirishani, maana rangi za ukindu hupauka upesi.

Ukutani hali ni mbaya zaidi. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, mara nyingi futi mbili kwa mbili. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu, akafa. Wafuasi wake bado wanachora Oysterbay, na kwa sehemu kubwa picha zao husafiri katika mabegi ya watalii. Futi mbili kwa mbili ni kipimo kinachoienea sebule ya kawaida kabisa. Badala yake, mkazi wa Dar es Salaam anatundika picha ya mnara wa Paris ambao pengine hana hata mpango wa kwenda kuuona.

Hata picha nzuri huharibiwa na msumari. Wengi huitundika karibu na dari, ikiwa imeinama mbele, utadhani inawachungulia wageni. Majumba ya makumbusho mengi huweka kitovu cha picha kwenye sentimita 150 hivi kutoka sakafuni, na sebuleni, ambako watu hukaa muda mrefu kuliko wanavyosimama, inafaa kushuka zaidi.

Mpangaji ambaye mwenye nyumba amemkataza kutoboa ukuta naye ana njia. Picha iegemezwe ukutani juu ya kabati, mbele yake kiwekwe kinyago kifupi cha mpingo na bakuli moja la nyumbani kwao, vikipishana kidogo. Mkataba ukiisha, vyote vinaingia kwenye boksi moja.