Talanta Tuliyoifukia Sisi



Wiki mbili zilizopita tulimzika mzee mmoja katika kigango kimoja upande wa Kyerwa. Baada ya Misa, kama ilivyo desturi yetu, ulisomwa wasifu wa marehemu: alizaliwa, akabatizwa, akafunga ndoa, akapata watoto, akaugua, akafariki. Ulikuwa nusu ukurasa tu. Watu walipoanza kutawanyika, mzee mwenzake alinisogelea akiegemea fimbo yake, akaniambia, "Baba Paroko, huyu alikuwa mchezaji. Tulikuwa tunatembea kwa miguu mpaka Kayanga kumtazama." Niliwauliza watoto wa marehemu. Walisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza kando ya kaburi la baba yao.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimfikiria Sunday Manara. Wazee wetu waliokuwa na redio watakumbuka tarehe 10 Agosti 1974, Yanga na Simba zilipokutana katika uwanja wa Nyamagana, Mwanza, ng'ambo ya ziwa letu. Simba walitangulia kufunga. Mchezo ukiwa unakaribia kwisha, Gibson Sembuli akasawazisha. Na katika muda wa nyongeza Manara akafunga bao la ushindi. Mashabiki walimwita Kompyuta, wakati ambapo Watanzania wengi hawakuwa wameiona kompyuta kwa macho yao.

Mwaka 1977 Manara alikwenda Uholanzi kuichezea Heracles ya mji wa Almelo, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza soka la kulipwa Ulaya. Baadaye alicheza New York, katika timu iliyoitwa Eagles, na pia Austria na Dubai. Hakuwa na ndugu aliyemtangulia wa kumweleza namna ya kuishi katika baridi ile, wala namna ya kusoma mkataba. Mtu wa kwanza hufyeka njia kwa mikono yake. Wanaomfuata huiona njia imenyooka wakadhani ilikuwapo siku zote. Vijana wetu wanamjua vema Mbwana Samatta, aliyejiunga na Aston Villa Januari 2020, kwa sababu kila bao lake limeandikwa. Lakini nilipowauliza vijana wa VIWAWA habari za Kompyuta, ni mmoja tu aliyewahi kulisikia jina hilo.

Huko Marekani alikocheza Manara, mchezo wanaouita "football" ni mwingine kabisa. Mpira wake umechongoka pande zote mbili, na hubebwa kwa mikono. Mtu anayehesabiwa kuwa wa kwanza kulipwa kwa kuucheza ni William Heffelfinger. Tarehe 12 Novemba 1892, klabu ya Allegheny ilimpa dola 500 kwa mchezo mmoja dhidi ya klabu ya Pittsburgh. Malipo hayo yalifanyika kwa siri, maana mchezo ule ulipaswa kuwa wa ridhaa. Tunajuaje basi? Ni kwa sababu kiasi hicho kiliandikwa katika karatasi ya matumizi ya klabu, na karatasi hiyo ikatunzwa katika jumba la kumbukumbu la mchezo huo, mjini Canton, jimbo la Ohio. Mstari mmoja wa hesabu umeihifadhi habari ya mtu kwa zaidi ya miaka mia moja. Mzee wetu wa Kyerwa hakupata hata mstari huo.

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, Bwana wetu anamkemea mtumwa aliyeifukia talanta yake ardhini. Mara nyingi sisi mapadri tunaitumia sehemu hiyo kuwaonya vijana wavivu. Leo ninaielekeza kwetu sote. Mzee yule hakuifukia talanta yake. Aliitumia mbele ya watu, nao wakafurahi. Sisi ndio tulioifukia, kwa kutomwuliza lolote katika miaka yote aliyokaa nasi kibarazani.

Najua wapo watakaosema, "Padri, majina yetu yameandikwa mbinguni, yatosha." Ni kweli, Bwana mwenyewe alituambia tulifurahie hilo. Hata hivyo, Kanisa hilohilo linaloihubiri mbingu hutunza kitabu cha Ubatizo katika kila parokia, na pembeni ya jina la kila mtu huandikwa Kipaimara chake na Ndoa yake. Mungu hahitaji daftari ili akumbuke. Sisi ndio tunaolihitaji.

Nalo jambo hili si la waliokufa peke yao. Kijana anayepiga mpira wa majani ya mgomba jioni hapa Karagwe huambiwa na baba yake, "Acha hayo, hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kufika popote kwa mpira." Pengine babu yake mwenyewe alifika. Baba hasemi uongo kwa makusudi, hajui tu. Hivyo kijana hukua akiamini kwamba vipaji huzaliwa kwingine, na sehemu yake yeye ni kuwawekea dau watu wa mbali kwa shilingi aliyoipata katika kuchuma kahawa.

Kwa hiyo naziomba Jumuiya Ndogondogo zote, kuanzia wiki hii, kila jumuiya inunue daftari moja. Vijana waende kwa wazee, na kwa ridhaa yao wawaulize: ulicheza wapi, mwaka gani, nani alikufundisha, kwa nini uliacha? Wasiishie kwa wachezaji. Wamwulize fundi aliyejenga kigango chetu, na mama aliyepokea watoto wa kijiji kabla zahanati haijajengwa. Waandike tarehe na majina kwa usahihi, bila kutia chumvi, kisha waniletee niyatunze madaftari hayo ofisini pamoja na vitabu vya parokia.

Nami nimeanza. Yule mzee mwenye fimbo amenikubalia nimtembelee Jumatano, anisimulie alichokiona Kayanga. Wale watoto wa marehemu wameomba tufuatane.

Mungu awabariki nyote.

Wenu katika Kristo,
Paroko