Masomo ya Uzamili Yawafuate Wanamaji Kazini

Huenda ndugu zetu wa Unguja na Pemba wakashangaa kuona sisi wa Chemba, tulio katikati ya bara, tunajadili masomo ya maofisa wa Jeshi la Wanamaji. Lakini njia ya bomba la mafuta ghafi, kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, imekatiza wilaya yetu. Mafuta yakifika Chongoleani hayana pa kupita ila baharini, na ng'ambo ya bahari hiyo ni Pemba. Kwa hiyo suala la nani anailinda bahari hiyo, na amesoma nini, ni letu sote.

Tangu mwaka 2012 Chuo cha Taifa cha Ulinzi, Kunduchi, kimewakutanisha maofisa waandamizi na watumishi wa Serikali katika masomo ya usalama na stratejia. Ni jambo jema. Hata hivyo, kila ofisa anayekwenda darasani huacha chombo chake, na mhandisi wa mitambo ya manowari si mtu wa kuzibiwa pengo kwa barua moja ya uhamisho.

Ipo njia nyingine. Chuo Kikuu Huria, kilichoanza kufundisha mwaka 1994, kimekwisha kuonyesha kwamba mtumishi aweza kusoma bila kuacha kazi. VETA nayo humpima fundi mwashi aliyejifunzia kazi mtaani, ikampa cheti. Iweje basi ofisa aliyeongoza chombo miaka kumi na mitano, kusi na kaskazi, aanze masomo ya uzamili kama aliyetoka shule jana?

Na la kutafiti halikosekani. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama nje ya Nungwi. Wapiga mbizi kutoka Afrika Kusini waliletwa, kina na mkondo vikawashinda. Tarehe 18 Julai 2012 ikazama MV Skagit karibu na Chumbe. Mkondo wa Nungwi hubadilikaje mwezi kwa mwezi? Chombo cha uokoaji huchukua saa ngapi kutoka Kigamboni? Taarifa ya ajali hupita mikono mingapi kabla amri haijatolewa? Maswali hayo ndiyo tasnifu. Ofisa ayatafiti akiwa zamuni, akiongozwa na wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Buyu, na matokeo yafike kwa kamanda wake kabla hayajafika maktaba. Yaliyo ya siri yasomwe na wenye idhini tu.

Wapo watakaoitafuta shahada kwa ajili ya cheo, na wapo watakaomtuma koplo awaandikie. Hao watajulikana wakihojiwa ana kwa ana na walimu pamoja na makamanda, ikiwezekana melini.

Tunaishauri Wizara ya Ulinzi ikae na vyuo hivyo mapema. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar nayo ishirikishwe, ili maofisa wa KMKM wasiachwe nje ya mpango huu, kwani chombo kikipinduka Mkokotoni au Kojani, hao ndio wananchi wanaowatazamia kwanza.