Mficha Uchi Hazai



Wahenga waliponena kwamba mficha uchi hazai, walimfikiria mama aliye katika utungu: asipokubali kuonekana na mkunga katika unyonge wake, hawezi kusaidiwa. Ajabu ni kwamba mama huyohuyo, siku zake arobaini zikishakwisha, hutarajiwa kuficha kila shida inayofuata. Waliomkanda kwa maji ya moto na kumpikia uji hurejea makwao. Naye hubaki na mtoto, jiko, shamba na biashara. Akinyamaza, tunamsifu kuwa ni mwanamke jasiri.

Sifa hiyo ina madhara. Katika jumuiya ndogo ndogo mojawapo tuliyoitembelea, mama mmoja muuza vitumbua alikuwa akiamka saa 10 alfajiri na kulala usiku wa manane. Hakumwomba mtu lolote. Lakini kila siku ya mnada, binti yake wa darasa la 6 hakwenda shule. Alibaki kumlea mdogo wake. Mzigo ambao mama hakuutaja haukupungua, bali ulihamia mabegani mwa mtoto. Hapo ndipo jambo hili linapokuwa suala la haki, wala si la uvumilivu tu.

Siku mama huyo alipothubutu kusema mbele ya wanajumuiya, hakuomba fedha. Aliomba mtu wa kukaa na mtoto siku za mnada. Bibi mmoja jirani akakubali. Mumewe, aliyeketi palepale, alikiri kwamba hakulijua jambo hilo, akajitwalia kazi ya kuteka maji. Ombi lilikuwa dogo na wazi. Ndiyo maana lilipata wa kulipokea.

Hata hivyo, si haki kumwachia mama peke yake wajibu wa kuomba. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi isiyopungua siku 84, na baba siku zisizopungua 3. Muuza vitumbua hapati hata siku moja. Msaada wake hauna budi kutoka nyumbani na kwa majirani.

Panapotokea msiba, hatungoji kuombwa. Maji huletwa, kuni hupasuliwa, zamu hupangwa kabla jua halijatua. Je, tuwahi kwa marehemu, na kwa mama aliye hai tungoje mpaka azidiwe? Haruni na Huri walipoona mikono ya Musa imechoka, walimketisha juu ya jiwe, wakaishikilia.

Tunawasihi akina mama waseme mapema, kabla watoto hawajalipa gharama ya ukimya wao. Akina baba tunawaomba waulize, na wakishajibiwa watende. Nanyi viongozi wa jumuiya, mkutanapo juma hili, msifunge sala kabla ya kuuliza: nani kati yetu amelemewa, na nani atakwenda kwake kesho?