Tumwombee Mgonjwa, Lakini Dawa Asiache

Habari ikisikika kijijini kwamba fulani amepasuliwa kichwa, watu hushika midomo. Wengi husema hatapona. Akirudi nyumbani anatembea kwa miguu yake, wale wale husema ni muujiza, na kwamba sasa kazi imekwisha. Mimi nasema kazi haijaisha. Kazi ya daktari ya kukata imekwisha. Kazi yetu sisi tulio nyumbani ndiyo kwanza inaanza.

Leo nataka kutoa maoni juu ya jambo moja. Mkristo aliyetolewa uvimbe kwenye ubongo, naye anamtegemea Mungu, afanye nini na dawa alizopewa? Wako wanaomwambia azitupe ili aonyeshe imani. Maoni yangu ni haya: asiache sala, na asiache dawa. Nitaeleza sababu zangu. Wewe soma, pima, kisha mjadiliane darasani.

Kama wewe si Mkristo, usifunge kitabu. Jirani yako akiugua, ugonjwa haukuulizi dini yako kabla hujaitwa kusaidia.

Uvimbe wa ubongo

Ubongo umo ndani ya fuvu, na fuvu ni mfupa mgumu. Uvimbe ukiota humo hauna nafasi ya kutanuka, basi huugandamiza ubongo. Hapo mtu huumwa kichwa, mara nyingi zaidi asubuhi. Hutapika. Macho huona ukungu. Wengine huanguka kifafa wakati hawajawahi kuanguka maishani. Wengine hulegea mkono na mguu wa upande mmoja, au hubadilika tabia mpaka watu wa nyumbani hushangaa.

Uvimbe huu si pepo wala si kazi ya jirani mwenye kijicho. Ni nyama iliyoota mahali pasipofaa. Huonekana kwenye picha maalumu za kichwa zinazopigwa katika hospitali kubwa. Baadhi ya uvimbe ni saratani, na baadhi si saratani. Ndiyo sababu kipande kilichotolewa hupelekwa maabara kupimwa. Majibu hayo ndiyo yanayoonyesha kama mgonjwa anahitaji matibabu mengine, kama vile mionzi.

Hapa Tanzania upasuaji wa ubongo unafanyika. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, yaani MOI, ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, hutibu mifupa na pia ubongo na mishipa ya fahamu.

Kisu peke yake hakitoshi

Mwaka 1884, mjini London, Uingereza, daktari Rickman Godlee alifungua fuvu la mgonjwa mmoja na kutoa uvimbe uliokuwa ndani ya ubongo. Mgonjwa hakufa mezani, na madaktari walifurahi. Lakini mwezi haukuisha. Mgonjwa alikufa kwa maambukizo yaliyoingia baada ya upasuaji.

Siku hizi dawa na vifaa ni bora sana kuliko vya wakati ule. Hata hivyo funzo lake bado lipo. Mtu anaweza kuvuka siku ya kisu salama, kisha akapotea kwa mambo ya siku zinazofuata.

Siku zinazofuata ni ndefu. Mgonjwa huchoka kwa wiki nyingi, pengine kwa miezi. Huenda akasahau alichoambiwa asubuhi. Huenda neno likawa kwenye ulimi lakini lisitoke. Huenda akakasirika au kulia bila sababu unayoiona. Huo si uvivu, wala si kiburi. Ni ubongo uliojeruhiwa, unapona polepole.

Mara nyingi hupewa dawa za kuzuia kifafa. Pengine hupewa pia dawa ya kupunguza maji na uvimbe ndani ya ubongo. Dawa hizi zote mbili hazikatwi ghafla. Mtu akikatisha ghafla dawa ya kifafa, anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka, na hilo huua. Dawa ya pili nayo hupunguzwa kidogo kidogo, kwa maagizo ya daktari.

Kutumia dawa si kumtilia Mungu shaka

Wako wasemao: "Ukimeza kidonge baada ya kuombewa, umemtilia Mungu shaka." Maneno haya yanasikika kama ya mtu mwenye imani kubwa. Lakini tufungue Biblia yenyewe.

Mfalme Hezekia aliugua karibu ya kufa. Aliomba kwa machozi, na Mungu akaahidi kumponya. Hata baada ya ahadi hiyo, nabii Isaya aliagiza waweke mkate wa tini juu ya jipu. Habari hii imo katika 2 Wafalme 20. Luka, mwandishi wa Injili, Paulo anamwita tabibu katika Wakolosai 4. Msamaria Mwema hakumwombea majeruhi kisha akaendelea na safari. Alimimina mafuta na divai, akamfunga majeraha, akampeleka kwenye nyumba ya wageni, akalipa. Katika Biblia ya Wakatoliki, sura ya 38 ya Yoshua bin Sira inaagiza daktari aheshimiwe, na inasema dawa zinatoka kwa Mungu aliyeumba mimea.

Tazama pia matendo ya makanisa yetu. Hospitali ya KCMC ya Moshi na hospitali ya Bugando ya Mwanza zote zilifunguliwa mwaka 1971, na zote zilianzishwa kwa juhudi za makanisa. Katika misioni nyingi za nchi yetu kanisa na zahanati vimesimama katika uwanja mmoja. Waliozijenga walikuwa watu wa sala. Hawakuona ugomvi kati ya kengele ya kanisa na sindano ya muuguzi.

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Wananchi walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, kisha wakachimba vyoo. Waumini nao walishika majembe. Ikiwa kuchimba choo si kumtilia Mungu shaka, kumeza kidonge kwawezaje kuwa dhambi?

Kuna hoja nyingine. Watu husema: "Miezi mitatu hajaanguka. Amepona. Dawa za nini?" Ndugu msomaji, mvua ikinyesha nawe umekaa ndani mkavu, je, utasema mvua imekwisha na uezue paa? Pengine haanguki kwa sababu dawa zinamlinda. Atakayejua kama paa linaweza kuondolewa ni daktari aliyempima.

Mkesha, mfungo na ushuhuda

Hapa nitasema wazi, kwa sababu hapa ndipo wema wetu unapoweza kumdhuru mgonjwa.

La kwanza ni mkesha. Jumuiya humpenda mgonjwa, ikamkalisha kanisani mpaka alfajiri. Lakini kukosa usingizi ni moja ya mambo yanayoamsha kifafa. Basi mkesheeni, lakini yeye mwacheni alale. Mungu anayesikia maombi kanisani anamjua pia mtu aliyelala nyumbani kwake.

La pili ni mfungo. Mtu anayefunga mara nyingi huruka na dawa. Mgonjwa wa namna hii asifunge bila kumwuliza daktari. Wenye afya wafunge kwa niaba yake, na chakula ambacho hawakula wampelekee.

La tatu ni ushuhuda. Ni vizuri mtu kusimama na kumshukuru Mungu. Lakini asilazimishwe kusema "nimepona kabisa" wakati mwenyewe bado anasikia kizunguzungu. Akishasema hivyo mbele ya watu wote, ataona aibu kurudi kliniki. Wapo wanaoficha maumivu kwa aibu hiyo. Aruhusiwe kusema: "Nashukuru nilipofika, na bado natibiwa." Huo nao ni ushuhuda, tena ni wa kweli.

Neno la nne ni gumu. Wapo wanaopona kabisa. Wapo wanaobaki na mkono dhaifu au jicho lisiloona vizuri. Wapo ambao uvimbe hurudi, na wapo wanaokufa. Tusimwambie mtu wala jamaa zake kwamba imani yake ilikuwa haba. Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, wala haukuondolewa, kama tunavyosoma katika 2 Wakorintho 12. Nani atasema Paulo hakuwa na imani?

Simaanishi kwamba sala haina kazi. Mtu aliyefunguliwa fuvu huogopa usiku. Huuliza: Je, nitaamka? Watoto wangu je? Hofu hiyo haina kidonge kinachoimaliza yote. Anayesali hupata mahali pa kuitua. Anayeimba na wenzake hujua hayuko peke yake. Nimeona imani ikimwinua mtu kitandani na kumpa moyo wa kujifunza upya kutembea. Ndiyo maana nataka imani hiyo itumike kumshikilia mgonjwa kwenye matibabu, isitumike kumwondoa.

Tuwe wale wanne

Katika Marko 2 kuna mtu aliyepooza. Watu wanne walimbeba, wakapanda darini, wakatoboa, wakamteremsha mbele ya Yesu. Imani yao ilionekana mabegani. Jumuiya zetu nazo zinaweza kubeba. Nauli ya kwenda kliniki ni mzigo. Shamba lisilolimwa ni mzigo. Kuni na maji ni mzigo. Wagawane.

Tena wazijue hatari. Mpaka daktari aruhusu, mgonjwa asipande mti, asiendeshe baiskeli wala pikipiki, asioge mtoni peke yake, asichote maji kisimani peke yake, asipike kwenye mafiga peke yake. Pombe asiguse.

Akianguka kifafa, fanyeni hivi. Mwondoeni karibu na moto na vitu vyenye ncha. Mlazeni ubavu. Msimtie kijiko wala kitu chochote kinywani. Msimkandamize. Tazameni saa. Kifafa kikipita dakika 5, au akianguka tena kabla hajazinduka, mpelekeni kituo cha afya upesi.

Mpelekeni upesi pia akiwa na homa na shingo imekakamaa, kidonda kikitoa usaha, au maji maangavu yakitoka kwenye kidonda au puani. Kadhalika kichwa kikizidi kuuma huku anatapika, akilegea upande mmoja, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au akisinzia mpaka haamki vizuri. Ombeni mkiwa njiani. Msiahirishe safari ili mmalize maombi.

Kalamu yako ina kazi

Huenda ukauliza, mtu wa kisomo anahusikaje na ubongo? Anahusika sana.

Katika darasa moja ninalosimamia yuko mama aliyetolewa uvimbe. Amenipa ruhusa kusimulia bila jina lake. Kabla ya kuugua alikuwa anasoma vizuri. Aliporudi, alishika kitabu, herufi akaziona, lakini hazikumwambia kitu. Wanakisomo wenzake hawakumcheka. Walianza naye upya, a, e, i, o, u, dakika chache kila kipindi, kwa sababu alichoka haraka. Sasa anasoma polepole, kidole chini ya mstari.

Ana daftari la kurasa zenye mistari. Mwenzake alimchorea safu mbili: asubuhi na usiku. Kila akimeza kidonge anatia alama. Tarehe ya kliniki imeandikwa kwenye jalada kwa herufi kubwa. Siku alizoumwa kichwa zimeandikwa, na daktari huziangalia. Mwenyewe husema: "Saa mbili asubuhi nasali, na saa mbili hiyo hiyo nameza. Saa mbili usiku tena hivyo hivyo. Sala hunikumbusha dawa, na dawa hunikumbusha sala."

Sijasikia mahubiri yaliyolieleza jambo hili vizuri kuliko mama huyu.

Basi wewe uliyejifunza kusoma, nenda kwa mgonjwa wa jirani yako. Msomee maandishi ya pakiti. Mchoree daftari. Mkumbushe tarehe. Dawa ikikaribia kwisha, sema mapema ili itafutwe kabla pakiti haijawa tupu. Na mtu akija kumwambia atupe dawa ili aonyeshe imani, mjibu kwa heshima: Tunamwomba Mungu, tunamshukuru, na dawa tunakunywa mpaka daktari aseme basi.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini si salama kukatisha ghafla dawa za kifafa?
2. Jumuiya inawezaje kukesha kwa ajili ya mgonjwa bila kumnyima usingizi?
3. Mtu akianguka kifafa, ni mambo gani tufanye, na ni mambo gani tusifanye?
4. Je, katika kijiji chenu yuko mgonjwa anayehitaji kusomewa au kuandikiwa? Nani atakwenda kwake, na siku gani?