Baridi yabisi haingoji mwanga

Panya wa maabara wamepata nafuu. Zamu ya mama asiyeweza kukamua nguo kwa vidole vilivyovimba itafika lini?

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yonsei, Seoul, walichapisha kazi ya kuvutia. Walitengeneza chembe ndogo mno zenye ganda la dhahabu, wakazipakia methotreksati, dawa ya siku nyingi ya baridi yabisi, kisha wakawadunga panya wagonjwa. Viungo vilivyovimba vikamulikwa kwa mwanga wa infraredi, dhahabu ikapata joto, dawa ikamwagika palepale. Dozi ndogo sana ikatosha.

Maana yake ni kubwa. Dawa ya kawaida husambaa mwili mzima, sawa na kumwagilia shamba zima kwa ajili ya mche mmoja. Ndiyo maana anayeitumia hupimwa damu mara kwa mara, ini lisije likadhurika.

Utafiti uendelee. Lakini hadi leo tiba hiyo haijafika wodini, na mwanga wenyewe hupenya sentimita chache tu: kidole utakifikia, nyonga hautaifikia.

Methotreksati ya vidonge, kwa upande wake, ipo, si ghali, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa ugonjwa huu humezwa mara moja kwa wiki, pamoja na asidi ya foliki. Si kila siku. Kosa hilo limeua watu. Ikianzwa miezi ya mwanzo ya ugonjwa, husaidia kuzuia mifupa isiliwe. Kiungo kikishapinda, hakuna kidonge wala mwanga wa kukinyoosha.

Sasa tunafanya nini? Mama wa miaka 35 anaambiwa ni uzee, au ni baridi tu. Anapewa diklofenaki ya kutuliza maumivu, anarudi, anapewa nyingine. Maumivu yanatulia, mfupa unaendelea kuliwa.

Dawa ya tatizo hili haihitaji dhahabu. Vidole vya mikono yote miwili vikivimba, vikakaza kila asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, na hali hiyo ikadumu wiki sita, mgonjwa apewe rufaa, si pakiti nyingine ya kutuliza maumivu. Wizara za afya nazo zihakikishe hospitali za wilaya zina vidonge vya methotreksati na kipimo cha ini. Nawe msomaji, ukipewa diklofenaki kwa mara ya tatu, usiondoke dirishani: dai rufaa.