Mama Uliyetibiwa, Usisahau Siku ya Kurudi

Mama msomaji, maneno haya ni yako wewe uliyepimwa kwa siki, likaonekana doa jeupe katika mlango wa kizazi, na doa lile likachomwa. Wewe huna kansere. Uliondolewa kitu ambacho, kama kingeachwa miaka mingi, kingeweza kugeuka kansere. Tena usikubali mtu akuite mzinzi kwa ajili ya ugonjwa huu. Virusi vyake, viitwavyo HPV, hupita katika kukutana kwa mume na mke, navyo vyaweza kukaa kimya mwilini miaka mingi. Nani alivileta, na lini, hakuna munganga awezaye kusema.

Mama mmoja alinijia akisema, “Baba, nimesikia kuna sindano ya kuzuia ugonjwa huu. Nauza mbuzi wangu niitafute mjini.” Nikamwuliza siku yake ya kurudi kupimwa ilikuwa lini. Akanyamaza. Ilikuwa imepita miezi minane.

Sindano ile ni ya kweli, ilianza kutumika mwaka 2006. Ndani yake hamna virusi hai, ila mfano wa ganda lake tu, ili mwili ujifunze kumtambua adui mapema. Haifungi uzazi, wanaosema hivyo wanawadanganya. Lakini fahamu kazi yake. Mwizi akiisha kuingia nyumbani, kufunga mlango hakumtoi. Kunamzuia mwenzake tu. Vivyo hivyo chanjo haiviondoi virusi vilivyomo, wala haiponyi doa.

Je, haimfai kabisa mama aliyetibiwa? Sisemi hivyo. Yaweza kumkinga na aina za HPV ambazo hajazipata. Waganga wamechunguza kama inazuia doa lisirudi: mara nyingine waliochanjwa walirudiwa wachache zaidi, mara nyingine tofauti haikuonekana wazi. Basi munganga wako akikupa, ipokee kwa shukrani. Lakini kama una mbuzi mmoja tu, mimi nasema mbuzi huyo awe nauli ya kurudi kupimwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mama aliyetibiwa apimwe tena baada ya miezi 12. Doa likirudi, kipimo ndicho kitakachotuonyesha, nasi tutalitibu lingali dogo. Mwenye virusi vya ukimwi asikose hata kidogo, maana kwake ugonjwa huu huenda mbio.

Nanyi baba, msijifiche nyuma ya gazeti. Mama akiisha kuchomwa, mwacheni apumzike majuma manne bila kukutana naye, kidonda kipone. Wengine hawangoji, kisha wanailaumu hospitali mke akitokwa damu.

Chanjo yenyewe inafaa zaidi kwa wasichana wa miaka 9 mpaka 14, kabla hawajakutana na mwanamume. Jirani zetu wa Rwanda walianza kuwachanja wasichana wao nchini kote mwaka 2011. Ikiletwa kwenu, wapelekeni binti zenu, hata kama mama mwenyewe hakuipata.

Yule mama alirudi juma lililofuata. Doa halikuwapo. Mbuzi bado yu hai, na safari hii tarehe ya kurudi tuliiandika katika kadi kwa wino mwekundu, mumewe akiwa ameketi karibu naye.